Kuchora komiki kwa mkono au kwa dijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yananifikia kila mara, mengi kutoka kwa vijana wa sekondari na vyuo wanaochora nyuma ya madaftari na wanataka kujua kama bila tableti hawawezi kufika popote. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kwa kirefu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa anayeanza hapa kwetu, chora kwa penseli na upitishe wino kwenye karatasi, halafu maneno na rangi peleka kwenye simu au kompyuta. Sababu zake utazikuta humu ndani, pamoja na wale ambao ushauri huu hauwafai.

Kwani tofauti ya mkono na dijitali iko wapi hasa?

Wengi wanaiona kama kambi mbili, huku karatasi kule tableti, na wewe lazima uchague upande. Kazi yenyewe haiko hivyo. Ukurasa mmoja wa komiki unapita hatua kadhaa: unaandika skripti, unaupanga kwa vimchoro vidogo vya harakaharaka ujue fremu ziko ngapi na nani anasimama wapi, unachora kwa penseli, unapitisha wino, unatia rangi au vivuli, unaweka maneno kwenye maputo, unaandaa faili la kuchapa au la kupost. Kila hatua hapo inafanyika kwa mkono au kwa mashine, na hakuna sheria inayosema zote ziwe upande mmoja.

Hata ile komiki inayotajwa kuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa imechorwa kwa kompyuta, Shatter ya Marekani mwaka 1985, ilichorwa kwenye Macintosh yenye skrini ya pikseli 512 kwa 342, nyeusi na nyeupe tupu, halafu michoro ikatolewa kwa printa na rangi zikatiwa kwa njia za zamani. Kwa hiyo kuchanganya hakujaanza leo, na akikwambia mtu kwamba kuchanganya ni uchoraji wa kubahatisha, mwache aendelee na yake.

Si dijitali ndo haraka zaidi?

Kusahihisha ndo haraka. Kuchora hapana.

Kama mkono wako haujajua kiganja kinavyoshika kikombe, tableti haitaujua kwa niaba yako, utachora kiganja kibovu kwenye kifaa cha bei kubwa basi. Mashine inakuokoa pale ambapo kichwa kimekaa kushoto sana unataka kukisogeza, jicho moja limepanda juu, nyumba ileile inarudi kwenye fremu sita, shati zima linataka rangi moja, yaani kazi ambazo kwenye karatasi zingekula jioni nzima. Na kama una mteja, mfano shirika linalotaka kijitabu cha afya, dijitali inashinda bila ubishi kwa sababu mteja atabadilisha mawazo, leo daktari awe mwanaume kesho awe mwanamke, na huwezi kuchora upya kila siku.

Ila kuna muda dijitali inaula na watu hawauoni. Wa kwanza ni kukuza picha. Unaikuza mpaka asilimia 400 unachora kope moja baada ya nyingine, msomaji anafungua kwenye simu uso wote una ukubwa wa ukucha. Wa pili ni ile kurudi nyuma, anduu, unachora mstari unafuta unachora unafuta, na kwa kuwa haiishi hakuna kinachokulazimisha useme huu sasa umetosha. Nimeona wachoraji wenye mkono mzuri kabisa wakikaa na fremu moja wiki nzima kwa sababu hiyohiyo. Wino kwenye karatasi ukishakauka umekauka, unasonga mbele, na anayeanza anahitaji sana kusonga mbele kwa sababu komiki inajifunzwa kwa kumaliza kurasa.

Nahitaji vifaa gani kuanza kwa mkono?

Steshenari ya kawaida inatosha kuanza. Penseli ya HB ya kupangia, ukiwa na mkono mzito chukua H au 2H maana 2B inachafua karatasi na ukishapitisha wino inasumbua kufutika. Raba nyeupe laini, sio ile ya kichwani kwa penseli inayokwangua karatasi ikaacha mapele. Rula ndefu ya sentimita 30.

Wino ndo penye maneno. Wengi wanamalizia kwa biro kwa sababu ndo iliyopo, na kwa mazoezi haina shida, mimi napenda kabisa mtu ajaze daftari zima kwa biro. Kwa ukurasa wa kutoa hadharani biro ina kasoro: inaacha matone madogo mwishoni mwa mstari, inarukaruka ukienda kasi, na wino wake ukikaa juani unafifia. Tafuta kalamu za ncha ya nyuzi zenye wino wa pigmenti, kama Pigma Micron au Uni Pin, nunua ya 0.3, ya 0.5 na ya 0.8, ukiongeza ya 0.1 sawa ila utaitumia kidogo. Za bandia zipo nyingi mtaani, kwa hiyo kabla hujaamini chora mstari, subiri dakika mbili, pitisha kidole chenye maji. Ukisambaa, hiyo usiitie maji wala rangi juu yake.

Brashi na wino wa India vinatoa mistari mizuri kuliko chochote, mstari unanenepa na kukonda kadiri unavyokandamiza, ila vinataka miezi ya mazoezi. Tahadhari moja: wino wa India usiutie kwenye kalamu ya kawaida ya kujaza wino, mwingi una sheleki ndani, ukikauka umeziba kalamu moja kwa moja.

Kuhusu karatasi, rimu ya gramu 80 ni ya mazoezi na ya kupangia kurasa. Wino unapenya mpaka upande wa pili na ukifuta mara mbili inachanika. Kwa kazi ya mwisho anzia gramu 160 kwenda juu, na iwe laini. Manila za shule zinatofautiana sana, kwa hiyo fanya jaribio hili dukani ukiruhusiwa: chora mstari wa 0.3 pembeni kabisa, usogeze karibu na jicho. Mstari mzuri una kingo mbili zilizokatika safi. Kwenye karatasi mbaya utaona mstari umeota vinywele pande zote, wino umefuata nyuzi za karatasi kama mizizi, na hivyo vinywele ukiskani vinageuka uchafu ambao hutausafisha wote. Geuza ujaribu na upande wa pili pia, manila nyingi upande mmoja ni laini kuliko mwingine.

Ukurasa nichore saizi gani?

Chora mkubwa kuliko utakavyosomwa. Desturi ni kuchora A3 uchapishe A4, ama A4 uchapishe A5. Kupunguza kunaficha mitetemo ya mkono na kunakaza mistari, ukurasa unaonekana safi kuliko ulivyo.

Kuna hesabu moja tu ya kukumbuka. A3 kwenda A4 inashuka hadi asilimia 71 hivi, kila kitu kinashuka pamoja nayo. Mstari wa 0.1 unakuwa 0.07, kwenye karatasi ya gazeti huo hauonekani. Herufi za milimita 5 zinakuwa 3.5, bado zinasomeka. Kwa hiyo mistari ya nje ya mhusika iwe 0.5 au 0.8, ya ndani 0.3, na manywele ya kukwaruza usiyabananishe maana yakipungua yanashikana kuwa doa jeusi. Na kama kazi inaenda kiwandani, acha milimita 3 za ziada kila upande kwa michoro inayogusa ukingo, na maneno yakae mbali na ukingo, kisu cha kukatia kijitabu hakikati sawasawa kila nakala. Kijitabu cha kupigwa pini katikati kurasa zake zinagawanyika kwa nne, 8, 12, 16, panga hadithi ukijua hilo toka mwanzo.

Naskani vipi bila kuharibu mistari?

Ukiwa na skana, au rafiki mwenye steshenari yenye skana ya kulaza, mwambie akutolee dpi 600 (dpi ni idadi ya nukta kwa kila inchi) kwa mchoro wa wino, 300 kwa mchoro wenye rangi za maji. Wengi wanaskani kwa 150 au 200 kwa sababu ndo mashine ilivyosetiwa kwa ajili ya vyeti na barua, mistari inatoka na ngazi ngazi, baadaye wanalaumu programu. Omba faili la TIFF au PNG, PDF ya steshenari mara nyingi imeshabanwa. A3 haiingii kwenye skana ya A4, iskani vipande viwili vinavyopandana katikati halafu uviunge.

Picha ikishaingia itakuwa na karatasi ya kijivujivu na wino wa kijivu kizito. Fungua sehemu ya kurekebisha mwanga iitwayo Levels, ipo kwenye programu za picha kama Krita, GIMP na Photoshop, hata kwenye nyingi za simu, utaona kichuguu cha mchoro na vishale vitatu chini yake. Kishale cha kulia kivute kwenda kushoto taratibu mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa, cha kushoto kivute kulia mpaka wino uwe mweusi tii. Acha pale ambapo mistari myembamba inaanza kukatika, rudi nyuma kidogo. Ukivuta kwa pupa, nyusi na makunyanzi ndo vinaondoka kwanza.

Huna skana? Simu inaweza, ila sio usiku chini ya taa ya dari. Toka nje kwenye kivuli mchana, laza karatasi sakafuni, weka uzito kwenye kona, simama usiizibe mwanga, simu ilale sambamba na karatasi kabisa, rudi nyuma kidogo halafu tumia zuum kidogo ili kingo zisipinde. Kwa post za mtandaoni inatosha. Kwa kitabu cha kuchapa hapana, tafuta skana.

Penseli ya bluu ni ya nini, nimeona wachoraji wa nje wanaitumia?

Zamani ukurasa ulipigwa picha na kamera kubwa ya kiwandani kwenye filamu isiyoona bluu nyepesi, kwa hiyo mchoraji alipanga kwa bluu, akapitisha wino juu, wala hakuhangaika kufuta. Kwenye skana inafanya kazi bado: skani kwa rangi, halafu tenganisha chaneli tatu za rangi (nyekundu, kijani na bluu) ubaki na ile ya bluu peke yake. Penseli ya bluu itakuwa nyeupe au kijivu hafifu mno, wino utabaki mweusi. Ukiwa na penseli nyekundu ya shule tumia mbinu hiyohiyo kwa chaneli nyekundu. Inakupunguzia kufuta, na kufuta ndo kunakofifisha wino.

Nikikosea kwenye wino?

Tipeksi au rangi nyeupe nzito ya mabango (poster), acha ikauke kabisa, pitisha tena. Kosa kubwa, chora kile kipande kwenye karatasi nyingine ukigandishe juu. Au liache, utalisahihisha ukishaskani, hii ndo raha ya kuchanganya.

Nina simu tu. Inatosha?

Kwa maneno na rangi inatosha sana. Kwa kuchora ukurasa mzima toka mwanzo inawezekana, wapo wanaofanya, ila shingo na macho vitalipia.

Shida ya simu nyingi ni kwamba haijui umekandamiza kiasi gani. Zile kalamu za bei rahisi zenye kichwa cha mpira mviringo ni kidole tu kilichorefushwa, mstari unatoka unene mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na huoni ncha inagusa wapi kwa sababu mpira umeziba. Ukitaka simu ya kuchorea kweli, tafuta yenye kalamu yake, hasa Samsung za Note au zile za Ultra zenye kalamu. Kalamu ya S Pen ni teknolojia ya Wacom, walewale wa tableti za wachoraji, inasoma mkandamizo na haihitaji kuchajiwa ili ichore. Note za mtumba zipo madukani, kagua tu skrini kabla hujalipa, fungua ukurasa mweupe chora mistari ya mshazari kona hadi kona uone kama kuna sehemu inayoruka.

Tableti ya kuchorea ninunue ipi, yenye kioo au isiyo na kioo?

Kwanza jibu swali lingine: una kompyuta inayokaa na chaji? Tableti nyingi za kuchorea ni kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta, peke yake haifanyi chochote, na kila wakati kuna mtu anayeinunua akidhani ni kama iPad.

Isiyo na kioo, Wacom ndogo, Huion, XP-Pen, ni nafuu na haifi mapema. Unachora mezani huku unaangalia skrini, wiki za mwanzo mkono na jicho vinagombana, baadaye vinapatana. Usikate tamaa siku ya pili. Jambo moja lifanye siku ileile ya kwanza: nenda kwenye setingi za draiva (programu inayoiongoza tableti) uhakikishe umbo la eneo la kuchorea linalingana na umbo la skrini, vinginevyo ukichora duara linatoka yai, na utajilaumu mkono bure. Hesabu za ngazi 8192 za mkandamizo zisikufanye uongeze hela, mkono wa binadamu hauoni tofauti hiyo. Angalia zaidi ukubwa wa eneo na kama ncha za akiba zinapatikana, maana ncha zinalika.

Yenye kioo ni nzuri, unachora pale unapoona, ila bei yake inanunua ile ya kwanza mara kadhaa na inataka umeme muda wote. Hiyo nunua ukishaanza kulipwa kwa kuchora.

Programu gani, na lazima nilipie?

Sio lazima. Krita ni ya bure kabisa, inafanya kazi Windows, Linux na Mac, na kwa uchoraji inatosha mpaka kazi ya kulipwa. Kwenye simu kuna ibisPaint na MediBang, zote zina toleo la bure na zote zina zana za kukata fremu za komiki. Inkscape ni ya bure kwa kazi za vekta (michoro inayokuzwa bila kuharibika) kama nembo na maandishi ya jalada.

Za kulipia, Clip Studio Paint ndo imetengenezwa kwa ajili ya komiki hasa, ina rula za mtazamo, maputo, usimamizi wa kurasa nyingi. Procreate unailipia mara moja ila ni ya iPad tu. Photoshop ni ya malipo ya kila mwezi na kwa komiki ya kwanza sioni sababu yake. Programu za kulipia zilizovunjwa ili zitumike bure, zile za kwenye flashi, mimi siziungi mkono, zinakuja na virusi, na wewe mwenyewe unataka watu walipie kazi yako.

Kwa nini simu au laptop yangu inakwama nikiwa kwenye ukurasa wa komiki?

Piga hesabu. A4 kwa dpi 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, leya moja (tabaka moja la mchoro) iliyojaa inakula kama megabaiti 35 za ramu. Ukurasa huohuo kwa dpi 600 ni 4960 kwa 7016, leya moja inafika megabaiti 139 hivi, ukiwa na leya kumi umevuka gigabaiti nzima. Ndo maana ibisPaint inakupunguzia idadi ya leya ukifungua turubai (eneo la kuchorea) kubwa, haikuonei.

Dawa ni kuunganisha leya ulizomaliza, kutenga wino, rangi bapa (zisizo na vivuli), vivuli na maneno, leya nne tano zinatosha. Kama kazi ya mtandaoni tu, dpi 300 inatosha kabisa. Na save. Umeme ukikatika katikati ya kazi haupigi hodi, weka kujihifadhi kila dakika tano, na nakala ya pili ikae nje ya hiyo mashine, kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Maneno niandike kwa mkono au kwa fonti?

Hapa ndipo komiki nyingi za Kiswahili zinapoanguka, mchoro mzuri halafu maneno yamebanwa kwenye puto kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Mwandiko wa mkono una uhai wake, na ukiwa nao mzuri utumie. Chora mistari miwili ya penseli kwa kila mstari wa maneno ili herufi zilingane urefu. Na kanuni yangu ni hii, andika maneno kwanza, puto lichore baadaye kuyazunguka. Ukianza na puto umeshajifunga.

Kiswahili chetu kina maneno marefu kwa sababu kitenzi kinabeba kila kitu mgongoni. Mama anamwambia mwanae "Nimekwambia usinisubiri kituoni", ni maneno matatu tu lakini hakuna hata moja fupi. Ukiliiga puto jembamba refu la komiki za Kijapani, lililotengenezwa kwa maandishi yanayoshuka wima, utakatakata kila neno. Sisi puto letu liwe pana, mistari mitatu minne, mrefu zaidi ukae katikati, wa juu na wa chini iwe mifupi. Neno likilazimika kukatika, likatie mwisho wa silabi, usini-subiri, na ng' au ch au sh usizitenganishe kamwe. Ila bora uandike upya sentensi kuliko kukata. Katika skripti, maneno 25 kwa fremu ndo mwisho wangu, yakizidi nagawa fremu mbili.

Ukitumia fonti kuna mtego mmoja ambao karibu kila mtu anaingia. Fonti nyingi za komiki ni herufi kubwa tupu, ila zina I mbili: moja ina vijiti juu na chini, nyingine ni kijiti kitupu. Ile yenye vijiti imewekwa kwa ajili ya Waingereza wakisema "mimi", na mara nyingi inakaa kwenye herufi kubwa ya kibodi. Ukiandika Kiswahili huku umewasha Caps Lock, sentensi nzima inajaa hizo I zenye vijiti na macho ya msomaji yanajikwaa kila silabi bila kujua kwa nini. Zima Caps Lock, andika kwa herufi ndogo, fonti itakupa I nyepesi. Cha pili cha kukagua ni ile alama ya juu ya ng', andika NG'OMBE uone kama imetoka, fonti nyingine zinaacha kisanduku. Watengenezaji wa fonti za komiki, Blambot, wana fonti za bure kwa watunzi wadogo wanaojichapishia, soma masharti yao kabla hujauza.

Rangi je, nitie kwa mkono?

Kama unachapa nyeusi na nyeupe, usitie rangi kabisa, jifunze weusi. Fremu yenye eneo kubwa jeusi lililowekwa vizuri inasimama hata kwenye fotokopi. Kijivu cha brashi ya maji kwenye karatasi ya gazeti kinageuka vumbi la nukta, tumia mikwaruzo ya kalamu badala yake.

Rangi za maji ni tamu na zinataka karatasi nene na uvumilivu. Kwa hadithi ya kurasa nyingi mimi napeleka dijitali, kwa sababu mhusika anatakiwa awe na ngozi ileile na shati lilelile kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Leya ya wino iweke juu kwa hali ya Multiply, inayofanya weupe wa karatasi usionekane, chini yake mwaga rangi bapa. Tengeneza kipalete cha wahusika wako ukihifadhi. Na ngozi zetu zina rangi nyingi, usichukue kahawia moja ukaipaka familia nzima, kuna wenye wekundu ndani, wenye manjano, wenye bluu kwenye kivuli.

Ukienda kiwandani faili liwe CMYK, yaani rangi za wino nne za mashine ya kuchapa, na maneno meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Weusi wa RGB, rangi za skrini, ukibadilishwa unagawanyika kwenye wino zote nne, mashine ikipishana kidogo tu kila herufi inakuwa na kivuli cha rangi.

Wasomaji wangu wote wako kwenye simu, nichore vipi?

Basi hapa ushauri wangu wa mwanzo unabadilika kidogo. Kwenye simu watu wanasoma wakishuka wima, mtindo uliokuzwa Korea Kusini na kampuni ya Naver toka 2004, na ukurasa wa A4 uliojaa fremu tisa hausomeki bila kukuza. Jukwaa la WEBTOON linapendekeza vipande vya pikseli 800 kwa 1280, wachoraji wanafanya kazi kwa upana mara mbili halafu wanapunguza. Nafasi kati ya fremu ndo saa yako: ndefu, muda umepita, fupi, mambo yamefuatana.

Ukichora kwa mkono, chora fremu mojamoja kwenye A5 au A4, skani, zipange wima kwenye simu. Karatasi inafaa kabisa kwa hili na watu hawajui. Na ukituma kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa, maneno yanakuwa ukungu.

Wakongwe wetu walitumia nini?

Karatasi na wino. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu, mhusika wa gazeti la Kenya la Taifa Leo, kuanzia miaka ya 1950 na akaendelea kwa miongo, na kizazi cha Tanzania Bara kilichokua na jarida la komiki la Sani kilisoma kazi za mkono mtupu. Ukipata nakala za zamani zitazame kwa makini, sio kwa kumbukumbu za utoto tu, angalia jinsi mistari ilivyo michache na weusi ulivyokaa, walijua mashine ya gazeti itaharibu nini wakaepuka mapema. Hiyo elimu ipo pale bure.

Kwa nini nisitumie akili bandia ikanichorea?

Kwa sababu unataka kuwa mchoraji. Na kuna jambo la haki pia: Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikubali maandishi na mpangilio wa komiki moja iliyotengenezwa hivyo, lakini picha zenyewe ikakataa kuzilinda kwa kuwa hazikutungwa na binadamu. Anayekuagiza kazi ana haki ya kuuliza kama anachonunua ni chako.

Kurasa zangu za karatasi nizitunze vipi, na zinauzika?

Zinauzika, na hapo karatasi inaishinda dijitali wazi kabisa. Faili ni nakala tu, ukurasa wa wino ni mmoja duniani, wenye alama zako za penseli na tipeksi yako, na wapo wanaotaka kuutundika ukutani. Kabla hujauza skani kwa dpi 600 na uandikiane na mnunuzi kwamba anachukua karatasi, haki ya kuchapisha inabaki kwako.

Utunzaji Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar ni vita na unyevu. Usizikunje wala kuzizungusha bomba, zilaze kwenye folda ya plastiki, weka karatasi safi katikati ya kila mbili, na vifuko vya silika vile vinavyokuja na viatu. Zisikae sakafuni wala kugusa ukuta, mchwa hawana adabu na ukuta wa pwani unatoa jasho. Mara moja kwa miezi michache zitoe kivulini zipate hewa, ukiona vidoa vya kahawia vimeanza, zitenge na nyingine siku hiyohiyo.